Safari ya Lokandu, Kumtafuta Aliyenililia

Sikusafiri kwa kupenda. Mtu aliyepasuliwa chini ya kitovu, mshono haujakauka sawasawa, na mpira wa mkojo umefungwa pajani chini ya kanzu, hana hamu ya kutembea nchi. Niliondoka kwangu Alunguli kwa sababu ofisi ya bima ya wastaafu ilisema nimekufa, na marehemu hatibiwi.

Mambo yalikuwa hivi. Tezi ilinifunga njia ya mkojo, daktari akanipasua haraka ili kuniokoa, akaniwekea ule mpira. Upasuaji wa pili ndio ungeitoa tezi yenyewe, na mpira nao ukatoka. Huo wa pili unaweza kungoja, wakasema hospitalini, basi kwanza lipatikane neno la bima. Mimi sikuweza kungoja. Mpira ulikuwa ukivuja na kanzu ikinuka, na tangu nitoke hospitali nilikuwa nikisali chumbani, mimi ambaye mahali pangu msikitini, safu ya kwanza karibu na dirisha, hata watoto wanapajua. Shehe alinitumia salamu kwamba mgonjwa ana ruhusa yake. Nilijua. Lakini ruhusa haiondoi harufu, na mimi ni mtu wa kuona aibu.

Asubuhi ya kwanza mke wangu Feza alinisindikiza hadi ukingoni. Pikipiki nilikatazwa, kwa hiyo tulikwenda polepole, kila jirani akiuliza habari ya kidonda na kila mmoja akinipa jina la mti wa kuchemsha. Nikavuka Lualaba kwa mtumbwi, nimekaa upande mmoja kama mama mjamzito, nikapanda hadi uwanja wa reli upande wa Kindu. Ofisi ya bima iko humo, katika jengo la zamani.

Karani alikuwa mtu mpole wa miaka ya mwanangu. Alisoma, akaniangalia, akasoma tena.

"Muzee, hapa iko vile: ulikufa wakati ya vita. Dada yako njo alileta habari."

Nikamwuliza pensheni yangu hupokelewa na nani. Akanieleza bila kukasirika. Ofisi ya mishahara ilinijua kuwa mzima, maana ilinirudisha kazini baada ya vita. Lakini bima ilirithi majina kutoka ofisi ya misaada ya familia, jengo la pili, na huko mke wangu bado ni mjane. Majengo yale mawili yanatazamana, mtu akikohoa huku anasikika kule, lakini tangu vita hakuna aliyevuka uwanja kuuliza. Dawa yake ilikuwa moja tu: aliyeleta habari ya kifo aje mwenyewe aiondoe. Nilitaka kupiga meza, kisha mshono ukanivuta, nikaacha.

Dada yangu mkubwa, Yaya Zaina, anakaa Lokandu, mto unakoteremkia, kwa mwanawe. Siku ya pili nikapanda mtumbwi wa mota uliobeba mchele na masufuria. Mwenye mtumbwi alinipa gunia la mchele nilikalie, akaniambia nisiogope kulibonyeza. Yeye hakujua kilichokuwa chini ya kanzu. Nilibana miguu, nikaangalia maji.

Kushuka mto ni rahisi, na mtu aliyekaa bila kazi hukumbuka mambo. Wakati wa vita nilikuwa mfungaji wa mabehewa. Treni yetu ilikwenda kusini hadi Kongolo, na nyuma yetu reli ikakatwa. Upande huu ukawa na wakubwa wake, upande ule wake, na mtu aliyekuwa katikati hakuwa na pa kupita. Kongolo nililima karanga za watu. Njia zilipotulia nikarudi Kindu kwa miguu, na sokoni kabla hata sijafika nyumbani mwanamke mmoja aliniona akatupa ungo wake akakimbia. Hapo nikajua wameshanifanyia matanga.

Kwa ukoo wetu, mtu aliyeliliwa haingii tena kwa mlango wa mbele, ambamo jeneza hutokea. Anazungushwa nyuma, anaingia kwa mlango wa jikoni, na yule aliyeanza kumlilia humwagia maji miguuni. Hapo matanga yameondoka. Basi nikazungushwa. Feza alianguka chini. Majirani walilia upya kuliko mara ya kwanza. Yaya Zaina, ambaye wote walinisimulia kwamba alinililia mpaka sauti ikakauka, alikuwa jikoni akikoroga sombe, majani ya muhogo. Aliweka mwiko, akanimwagia maji, akasema, "Umechelewa. Kaa ule." Akarudia chungu chake.

Hakutoa hata chozi. Neno hilo lilinichoma, na nimelibeba miaka yote hii. Alipohamia Lokandu tulisalimiana kupitia wachuuzi wa samaki, salamu fupi, na sikuwahi kwenda kumwona. Nyumbani, basi, kifo changu kiliondolewa siku ile ile kwa maji na mlango wa jikoni, na sisi wote tukaona yamekwisha. Hakuna aliyefikiri kwamba ofisi nayo ilikuwa imenililia.

Tulifika Lokandu jua likiwa bado kali. Yaya alikuwa akigeuza samaki juu ya moshi, amepungua mwili, macho yale yale. Hakuniuliza kwa nini nimekuja baada ya miaka. Alinipa wali, akasikiliza yote, kisha akakataa.

"Matanga nilishaondoa. Kuondoa mara mbili ni kuita kifo."

Nilimwambia sitaki matanga, nataka neno tu mbele ya karani. Akasema neno ndilo matanga yenyewe. Nikainuka kwa hasira, na hapo akaona kanzu ilivyolowa. Alinipa kikwembe cha kujifunga, akaichukua kanzu, akaifua kwa sabuni na maji ya moto, akaianika karibu na moshi wa samaki. Nililala kwake nikiona aibu, na pia nikiona raha, kwa maana tangu mama yetu afe hakuna mtu aliyenifulia nguo bila kunung'unika. Feza atanisamehe.

Kulipokucha nilimkuta ukingoni, amejitanda, na kifurushi cha samaki kichwani. Alikuwa na sharti moja.

"Kama ofisi ilikulilia, ikupokee sawa na nyumba. Mulango ya nyuma."

Kupanda mto ni kazi nyingine. Mota ilinguruma na miti ya ukingoni ikawa kama haisogei. Kidonda kiliuma kila tulipopiga wimbi. Yaya alinifunika kwa mwavuli, akanilazimisha kunywa maji kama nesi alivyoagiza, na macho yake hayakubanduka ukingoni. Nilidhani anaogopa maji. Tangu zamani hakuyapenda.

Kindu tukafika, tukalala kwa jamaa, na asubuhi tukaenda uwanja wa reli. Kwa mbele watu walikuwa wamejipanga. Sisi tukazunguka. Nyuma ya ofisi kulikuwa na mlinzi akichoma mahindi, na mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Mlinzi alidhani tumepotea. Yaya akamtuma amwite karani, na karani akaja kwa nje, akikunja uso, akasema wote wanaingia kwa mbele. Nikaona safari yangu imekufia hapo.

Yaya akamweleza, bila kubembeleza, kwamba huyu alililiwa, na aliyeliliwa haingii alikotokea. Karani akakunjua uso. Naye ni mtoto wa Maniema, mkoa wetu huu, ana wazee wake nyumbani. Akarudi ndani, tukasikia meza zikivutwa na viti vilivyovunjika vikianguka, kisha mlango ukasukumwa mpaka ukafunguka. Yaya akaomba maji ya mlinzi, akanimwagia miguuni, nikaingia.

Ndani karani alikuwa na swali moja tu, la kuandika. Habari ya kifo, Yaya aliipata kwa nani?

"Hakuna muntu," Yaya akasema. "Nilijua iko muzima. Mufanyabiashara mumoja alimuona Kongolo."

Karani akaweka kalamu. Mimi mwenyewe nilishika meza. Kama alidanganya ofisi, basi bima inaweza kutufukuza sote wawili, na mpira ule ukawa wangu hadi kaburini. Karani akamwuliza taratibu kwa nini alifanya hivyo.

"Askari walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba. Mufanyakazi alibakia upande ile, walimuita adui. Bibi yake na watoto, walitolewa inje. Bibi ya mufu, walimuacha. Njo nililia."

Kisha akanigeukia mimi, kwa mara ya kwanza tangu Lokandu.

"Kulilia muntu muzima inaweza kumuua, mudogo wangu. Niliogopa. Kila siku niliomba Mungu asisikie ile kilio."

Karani alitazama mlango wa nyuma uliobaki wazi, akachukua kalamu, akawa anaandika na kusoma kwa sauti: habari ya kifo ilikuwa ya wakati wa vita, na haikuwa ya kweli. Akamwuliza Yaya kama ndivyo. Yaya akajibu, njo vile. Karani akapiga muhuri.

Nikavuka kurudi Alunguli pamoja naye, naye akakaa kwetu mpaka nikapasuliwa mara ya pili na mpira ukatolewa. Sasa natembea polepole, sibebi kitu kizito, na Ijumaa iliyopita nilirudi mahali pangu karibu na dirisha. Aliyekuwa amepakalia alisogea bila kuambiwa.

Nilichojifunza, kwanza, ni hiki: mtu aliyeliliwa wakati wa vita azunguke na kuuliza kila ofisi, maana si zote zilizopata habari kwamba amerudi. La pili si la ofisi. Miaka mingi nilijiuliza kwa nini siku ile ya jikoni wote walilia, na yeye aliyenililia kuliko wote akashika mwiko. Feza ameniambia sasa, bila kujua anachoniambia, kwamba katika miezi yote ile Yaya hakukosa kupika sombe kupita idadi ya waliomo nyumbani, na akikaripiwa kwamba anaharibu chakula alikuwa akinyamaza. Wengine waliona mfu akiingia kwa mlango wa nyuma. Kwake yeye nilikuwa nimechelewa tu.