Santuri za Mama Kanta

Naikumbuka Jumatatu moja ya mvua nyepesi, mwanangu, ile mvua ya London ambayo hainyeshi wala haiachi. Nilikuwa msichana bado, mgeni katika nchi hii, nikikaa Barking kwa binamu yangu. Kampuni iliyoniajiri kuhudumia wazee majumbani ilikuwa imenituma Kenton, upande wa pili kabisa wa jiji, na nilikaa kwenye treni muda mrefu hata nikaanza kudhani nimeipita London yote. Mimi nilitoka Voi. Nilikuwa nimezoea mji ambao ukisimama katikati yake unauona mwisho wake.

Mlango ulifunguliwa na Hema, mwanamke aliyenizidi umri kidogo, mfamasia, koti lake tayari mwilini. Alinieleza mambo palepale kwenye korido, kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. Mama yake, Mama Kanta, alikuwa na ugonjwa wa kusahau, na ugonjwa wenyewe ulikuwa unazila lugha zake. Kiingereza kilikwenda kwanza. Kisha Kigujarati cha nyumbani kikaanza kukatika vipandevipande. Kilichobaki kizima ni Kiswahili cha utotoni, cha Kisumu, alikokulia nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, akicheza uani na watoto wa majirani. Hema alizaliwa hapahapa London na hakuwahi kufundishwa hata neno moja la lugha hiyo.

"Anaongea siku nzima," aliniambia, "na mimi sijui mama yangu anasema nini."

Akaenda kazini. Nilimkuta Mama Kanta sebuleni, mwili mdogo kwenye sofa pana, sari ya rangi ya maziwa na sweta nzito juu yake. Nikamsalimu habari ya asubuhi. Aliniangalia kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa ananitarajia.

"Wewe umechelewa," alisema. "Weka Dada."

Sikujua Dada ni nani. Akanionyesha kwa kidole rafu fupi chini ya dirisha, palipokuwa na gramafoni na santuri zilizopangwa wima. Zile za mbele zilikuwa zimechakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Zote zilikuwa za mwimbaji mmoja, mwanamke Mwingereza aliyejiandikia nyimbo zake na kujipigia gitaa. Baadaye Hema alinisimulia habari zake. Alirekodi albamu chache ujanani, hazikununuliwa, akaacha kuimba na kwenda kuishi mahali ambapo watu hawakupajua vizuri. Wapenzi wake walikuwa wachache, lakini hao wachache walimshika kama watu wanavyoishika dini. Walikuwa wakitambuana vituoni kwa kupiga mluzi wa wimbo wake mmoja tu. Mama Kanta alikuwa mmoja wao. Alipofika London mara ya kwanza, kijana na baridi imemwingia mifupani, aliisikia sauti ile ikipita ukutani kutoka chumba cha jirani, akaenda kubisha hodi aulize ni nani anayelia vizuri namna hiyo.

Basi nikaiweka ile ya kwanza. Kwenye jalada palikuwa na dirisha, na mkono wa mtu ukifuta ukungu kwenye kioo. Sauti ilipotoka niliiona ndogo mno, sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe huku akiosha vyombo. Mimi nilikuwa nimelelewa na kwaya za kanisani, mwanangu, sauti za kutikisa mabati. Wimbo wa pili ulipoanza polepole kama wa kwanza, nilinyoosha mkono niusogeze ule mkono wa sindano mbele.

Mama Kanta akanishika kiganja.

"Ngoja," alisema. "Yeye bado naingia nyumba. Wewe nataka chai tayari?"

Nikaurudisha mkono wangu. Tukakaa. Nje mvua ilikuwa inateleza kwenye kioo, na ndani yule mwanamke aliendelea kuingia taratibu, neno kwa neno. Kisha Mama Kanta akanigeukia.

"Anasema nini?"

Nilidhani ananipima. Nilipomtazama nikaelewa. Nyimbo alizozipenda maisha yake yote zilikuwa zimebaki ganda. Alizijua zinapopanda na zinaposhuka, lakini maana ilikuwa imetoka ndani yake, pamoja na Kiingereza chenyewe. Nikaanza kumtafsiria, neno baada ya neno. Anasema ameamka. Anasema kuna daraja. Anasema treni ni nyingi.

"Hapana," akatikisa kichwa. "Hiyo ni maneno. Dada anasema nini?"

Ilinibidi niurudie wimbo ule mara kadhaa. Ulikuwa unamhusu mwanamke anayesimama kila asubuhi kwenye daraja la reli, na kila treni inayopita anamchagua abiria mmoja dirishani, anampa siku yake nzima aibebe. Nikafikiri. Nikasema, "Mama, Dada ana upweke, lakini hataki mtu amwonee huruma."

Mama Kanta akafumba macho. "Eeh," akasema. "Hiyo ndiyo."

Ndivyo tulivyoanza. Kila nilipokwenda, baada ya chai na dawa, tuliweka Dada, na hatukuruka wimbo hata mmoja. Albamu ya pili ilijaa vinanda na tarumbeta. Mabwana wa studio walikuwa wamemzungushia makelele mpaka sauti yake haisikiki. "Hapa wamemvisha nguo ya mtu mwingine," Mama Kanta alisema, lakini hakukubali tuiache. Alitaka nisikie mwisho wake. Na kweli, katika wimbo wa mwisho vinanda vilinyamaza kimoja baada ya kingine, kama taa za nyumba za mtaa mmoja zinavyozimwa, akabaki yeye na gitaa lake. Ya tatu ilirekodiwa jikoni kwa mtu. Ilikuwa na mvua ndani yake, na kiti kinacholia, na mahali fulani mbwa. Siku za mvua hatukujua ipi ni ya Kenton na ipi ni ya kwenye santuri, na Mama Kanta alizinyamazisha zote mbili kwa kidole mdomoni.

Siku zile nilitembea kama niliye nusu usingizini. Nikielekea kituoni jioni, zile nyumba za matofali mekundu zilizofanana zilikuwa zinanipita kama beti za wimbo mmoja. Hadi wakati ule Kiingereza kwangu kilikuwa lugha ya shifti na treni na bosi. Sikujua kwamba mtu anaweza kukitumia kusema jambo dogo la moyoni, akalisema kwa upole. Nilimtafsiria Mama Kanta, lakini nadhani ni mimi niliyekuwa nafundishwa.

Alasiri moja Hema alirudi mapema. Alitukuta tunacheka. Mama Kanta alikuwa ameniambia kwamba tarumbeta ya albamu ya pili inamkumbusha mjomba wake wa Kisumu akipenga kamasi, na machozi ya kicheko yalikuwa yananitoka. Hema akasimama mlangoni na mfuko wake begani.

"Mnacheka nini?"

Nikamwambia. Hakucheka. Akaniita jikoni, akafunga mlango.

"Wakio," alisema, "wewe ni mtu mwema, na mama anakupenda, naona. Lakini kila nikirudi namkuta amekwenda mbali zaidi. Ukiongea naye anakwenda mahali ambapo mimi siwezi kufika. Naomba uongee naye Kiingereza tu. Labda kitarudi. Na hizo santuri tuziache kwanza."

Ningeweza kumbishia. Lakini alikuwa mama yake, si wangu, na nilimwona jinsi alivyoshikilia ukingo wa sinki. Nikakubali.

Kuanzia kesho yake nyumba ile ilinyamaza. Mama Kanta akiniambia niweke Dada, nilimjibu kwa Kiingereza kwamba leo hapana, naye alinitazama kama mtu anavyotazama mlango uliofungwa na upepo. Hakukasirika. Aliacha tu kusema. Kiingereza hakikurudi, na Kiswahili nacho kikaondoka. Wiki ilipokwisha alikuwa anaisukuma sahani ya chakula bila hata kuiangalia.

Jumamosi Hema alikuwa nyumbani, na mimi nilikuwa nimeitwa kumsaidia. Alijaribu kumlisha mama yake dengu kwa kijiko. Mdomo haukufunguka. Akambembeleza kwa Kiingereza, akambembeleza kwa Kigujarati, kisha akakiweka kijiko chini na kukaa juu ya zulia kama mtoto. Tulikaa hivyo, sisi watatu, na mwanga wa adhuhuri ukiwa mweupe dirishani.

Halafu Hema akajivuta mpaka kwenye rafu. Akatoa albamu ya mwisho, ile ambayo mimi na Mama Kanta tulikuwa bado hatujaifikia. Jalada lake lilikuwa jeupe tupu, halina picha wala jina.

"Hii nilikuwa naichukia," alisema. "Mama aliiweka kila akipiga pasi. Mimi nilikuwa nakaa chini ya meza ya pasi nikiziba masikio."

Akashusha sindano.

Nilikaa tayari kutafsiri, mwanangu, na sikupata neno la kutafsiri. Dada alikuwa ameacha maneno. Alikuwa anavumisha tu, midomo imefungwa, gitaa likimfuata kwa mbali, na hapa na pale unasikia akivuta pumzi. Ilikuwa kama kumsikia mtu akiota. Mkono wa Mama Kanta ukaanza kutembea juu ya goti lake. Kisha naye akaanza kuvumisha, sauti imekwaruza, lakini haikukosea njia. Na kutoka chini kwenye zulia sauti ya tatu ikaingia. Hema, aliyeziba masikio utoto wake wote, alizijua kona zote za wimbo ule. Alipanda mahali pa kupanda kabla santuri yenyewe haijafika.

Mama Kanta akafumbua macho, akamwinamia.

"Huyu najua wimbo," alisema. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu aliponyamaza. "Mtoto ya nani?"

Hema akanigeukia haraka. "Amesema nini?"

Nimeulizwa maswali mengi katika nchi hii, na maofisa wa uwanja wa ndege na waajiri na madaktari, lakini hakuna lililowahi kuwa zito kama lile. Ningeweza kumwambia nusu, kwamba mama anamsifu kwa kuujua wimbo. Ingekuwa kweli, na isingemuumiza. Lakini alikuwa ameniuliza mama yake anasema nini, na hilo ndilo alilolikosa muda wote.

"Anasema unaujua wimbo," nikamwambia. "Na anauliza wewe ni mtoto wa nani."

Uso wake ulibadilika polepole. Santuri iliendelea kuzunguka. Nilidhani atatoka chumbani. Badala yake alifuta macho kwa mkono wa sweta, akaniuliza, "Mimi ni wake. Namwambiaje kwamba mimi ni wake?"

"Sema: wako."

Hema akapiga magoti, akaushika mkono wa mama yake kwa mikono yake yote miwili.

"Wako," alisema.

"Wangu?" Mama Kanta alimchunguza nywele, paji la uso, vidole. Nilimwona akitafuta ndani kabisa, na nikamwona asipate. Kisha akaikusanya sari yake, akasogea upande mmoja wa sofa.

"Basi kaa," alisema.

Sikutafsiri. Hema alikuwa ameshakaa.

Siku hiyo Mama Kanta alikula. Na tangu siku hiyo Hema hakuniomba tena Kiingereza. Alianza albamu ya kwanza upya, sisi sote watatu kwenye sofa moja siku zake za mapumziko, na mimi nikisema kwa Kiswahili anachosema Dada, yeye akiokota neno moja leo na jingine kesho. Mama yake aliishi muda mzuri baada ya hapo. Jina la Hema halikumrudia, sitakudanganya. Lakini alipomwona akiingia alisogea, kila mara alisogea, na hakusogea kwa mtu mwingine yeyote.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu najua unavyoishi. Nyimbo zote za dunia ziko mfukoni mwako, na wimbo ukichelewa kukupendeza unausukuma kando kwa kidole. Sikukaripii, ni zama zako. Ila usiwasukume watu hivyo. Mtu unayetaka kumjua mpe muda aingie mpaka ndani, umsikie alipovishwa nguo zisizo zake, umsikie alipokuwa peke yake jikoni, na umsikie hata akiishiwa maneno. Ukifika kwa wazee wako na kukuta wamekusahau, usisimame mlangoni ukingoja kuitwa jina ndipo upende. Ingia kwa mlango wowote ulio wazi, hata kama ni wimbo uliokuwa unauchukia.

Na kuhusu Kiswahili, najua unanielewa, ingawa unanijibu kwa Kiingereza. Sijawahi kukulaumu. Lakini weka maneno machache karibu na ulimi. Huwezi kujua ni lini mtu unayempenda atabakiwa na lugha hiyo peke yake, na siku hiyo neno moja litatosha.

Mungu akutunze katika jiji hili pana. Akupe masikio yasiyo na haraka, akujalie watu wa kukaa nao hata kimya kikiwa kirefu, na kila nyumba utakayoingia ikupokee vyema. Amina.