Begi Nyuma ya Mlango

Leo nimepata alama tano kwa tano, na tangu hapo sina raha.

Mjukuu wangu Wambui anasomea saikolojia chuoni. Kesho anaanza kuwapima wanafunzi wenzake ustahimilivu, kwa hivyo alikuja hapa Uthiru kuyajaribu maswali yake kwangu kwanza.

Swali moja lilisema: "Niko tayari kwa lolote litakalotokea." Unajipa moja hadi tano.

Nikajipa tano. Nikamwonyesha begi langu nyuma ya mlango: vyeti, kitambulisho, sweta. Limekaa tayari hivyo tangu ghasia zilipotufukuza kwetu Molo.

Wambui akaacha kuandika.

"Shosho, sasa hiyo ni nguvu ama ni uoga?"

Nikamwambia msomi ni yeye.

"Wacha mchezo, Shosho. Hata mimi niko na begi kama hilo kule hosteli. Wenzangu hunicheka, wananiuliza nahama lini. Sasa mimi najipa ngapi?"

Huyu amezaliwa na kulelewa Nairobi. Hajawahi kufukuzwa popote.

Ameondoka na karatasi zake, nafasi ya alama yake mwenyewe ikiwa tupu.

Nyinyi mliolea watoto baada ya kuhamishwa, mngemwambia aandike ngapi?