Bongo za Buluu

Maabarani tulimwita Mama Buluu, maana rangi ya kazi ilishamganda vidoleni. Alikuwa akiwadunga panya rangi hiyo, anaosha mishipa yao kwa maji ya chumvi mpaka damu yote itoke, ndipo anatoa ubongo. Ukitoka mweupe, ukuta unaoukinga na damu ni mzima. Ukitoka wa buluu, ukuta unavuja.

Akaja mtafiti kijana, bosi akampa meza ya Mama Buluu, ile ya dirishani. Wiki hiyo hiyo dawa yake ya kuufungua ukuta huo, ili tiba ifike ubongoni, ikatoa bongo za buluu tupu, akapigiwa makofi.

"Miaka kumi na tisa niko hapa, mimi nilipigiwa lini?" Mama Buluu alinifokea, roho ikimuuma.

Akapasua ubongo mmoja, akakuta damu yenye rangi bado imejaa mishipani. Kumbe rangi haikuvuja! Akaupeleka kwa bosi mbio, meno yote nje.

"Bosi, kijana wako kachemka. Panya hawa hawakuoshwa!"

Bosi akafungua daftari la kazi. Panya hao walioshwa siku ile Mama Buluu alipohamishwa meza, akafanya kazi kwa kununa, bora liende. Kwenye nafasi ya aliyewaosha palikuwa na alama ya kidole, ya buluu.