Kibuyu cha Mama Kwenye Maonyesho ya Mavuno

Ninyi wenzangu mliolelewa Ushirombo enzi za pamba, bila shaka hamjasahau zamu ya kusuka maziwa. Kwetu ilikuwa kila alasiri tukitoka shule. Mimi na dada yangu Kabula tunaketi mkekani, kibuyu mapajani, tunakisukasuka mpaka mabega yanawaka moto. Ukisinzia kidogo tu, mama anapaza sauti kutoka jikoni, "Mbona kibuyu kimenyamaza?" Siagi ikishashikana, tunapewa mtindi na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, vimepikwa kwa karanga. Ladha yake acha tu. Watoto wa leo wakibonyeza simu nusu saa wanadai vidole vinauma.

Basi hapa Shinyanga kuna makumbusho madogo ambayo kila msimu wa mavuno huomba familia moja ilete vyombo vyake vionyeshwe. Mwaka huu zamu ikatufikia. Mama akatoa kinu, ungo na kibuyu chake cha maziwa. Nikamweleza kila kitu mhifadhi, mwanamke wa makamo mwenye haraka zake. "Nimeelewa, dada," akasema, wala kalamu hakushika.

Siku ya ufunguzi tulikwenda mimi, mama na binti yangu Neema wa darasa la tatu, kamshika bibi yake mkono. Tulipofika kwenye kibuyu, Neema akasoma kikaratasi kwa sauti: "Kibuyu cha mganga, cha kuhifadhia dawa." Akamtazama bibi yake. Kisha akauachia ule mkono, akaja kusimama nyuma yangu.

Jamani! Mnajua huku kwetu neno kama hilo linavyoweza kumponza bibi kizee asiye na kosa, akaitwa mchawi, hasa mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Nikamfuata mhifadhi.

"Nani amekwambia mama yangu ni mganga?"

"Usikasirike, dada. Wageni wanapenda mambo ya waganga. Maziwa nani atayashangaa?"

Mama ndiye aliyejibu, taratibu. "Mwanangu, umeandika jina langu hapo juu. Majirani zangu wanajua kusoma."

Mhifadhi akainamisha kichwa. "Nisamehe, mayu, mama yangu," akasema, akakibandua kikaratasi mbele ya watu wote.

Mama hakuridhika. Akaagiza maziwa mgando sokoni, akakisuuza kibuyu, akaketi sakafuni na kuanza kusuka. Akamwita Neema, Neema hakusogea. Mama akaendelea peke yake, jasho likimtiririka, watu wakizidi kujaa. Siagi iliposhikana akaichota kwa kidole, akakinyoosha kuelekea kwa mjukuu wake. Neema akanitazama, akasogea hatua moja, nyingine, akailamba. "Bibi, kumbe tamu!"

Watu walicheka. Mimi nilishindwa kucheka. Njia nzima ya kurudi nilijikasirikia kuliko nilivyomkasirikia yule mhifadhi. Kila likizo Neema analala kwa bibi yake, kibuyu kiko palepale ukutani, na sijawahi hata siku moja kukishusha nimwonyeshe. Kwangu maziwa hutoka kwenye pakiti.

Sisi hakuna aliyetusomea kibuyu ni nini. Tulikua nacho mikononi. Wanetu tumewaachia karatasi iwaambie bibi yao ni nani.