Chumvi ya Pakiti Niliyoipeleka Ivuna

Hadi leo nikiona pakiti ya chumvi ya nusu kilo kwenye rafu ya duka, shingo inaniwaka moto na natamani muuzaji asinitazame. Nitaieleza aibu hii mara moja, na naomba asiwepo wa kunipoza, maana kila ninayemsimulia huishia kusema "lakini ulikuwa na nia njema", na hiyo nia njema ndiyo iliyomtoa mama yangu mkubwa kanisani, siku aliyoingojea miaka sita.

Mimi ni fundi simu hapa mjini Mpemba. Maandiko sikuyasomea chuo chochote. Nimejifunza mwenyewe kibandani, nikisubiri wateja, kwa kupakua mafafanuzi na kuyanakili kwenye daftari kwa kalamu za rangi tatu (nikikosea neno moja nachana ukurasa mzima na kuanza upya, ndivyo nilivyo, hata kioo cha simu nikikibandika kikabaki na chembe moja ya vumbi sipati usingizi). Vijana wa kanisani walipoliona lile daftari wakaanza kuniita mwalimu, na mimi, badala ya kukataa, nikanunua daftari la pili.

Mama Mkubwa Eliza ni dada wa mama yangu, anaishi Ivuna, kule bondeni, na kazi yake ni kuchemsha chumvi. Alitengwa kanisani kwa sababu baada ya kufiwa na mumewe aliishi na mwanamume mwenye mke. Yule mwanamume alishaondoka zamani, lakini kutengwa kulibaki. Na kwetu aliyetengwa hashiriki meza ya Bwana, na akifa hajarudishwa, kengele haigongwi na kwaya haiendi. Ndugu wanachimba, wanafukia, wanarudi nyumbani kimya. Mama Mkubwa ana presha, na miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Alimpigia mama simu akamwambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari, "Mdogo wangu, nataka nirudishwe, nikifa niimbiwe."

Mchungaji hufika kule mara mbili tu kwa mwaka, kwa sababu ya barabara. Siku ikapangwa, wakati wa kiangazi. Mzee Siame, mzee wa kanisa la kule, akanipigia akaniomba, kwa vile mimi ni mtoto wa nyumba, nisome habari ya kondoo aliyepotea kabla Mama Mkubwa hajaitwa mbele kupokelewa. "Soma, sema maneno mawili, kaa chini," akasema. "Kazi nyingine ni ya mchungaji."

Hapo ndipo nilipoharibu. Maneno mawili? Mimi? Nikaona habari ya kondoo kila mtu anaijua, na mama yangu mkubwa ni mtu wa chumvi, na kwenye daftari nina kurasa kumi na moja juu ya lile neno la Yesu kwamba ninyi ni chumvi ya dunia. Nikasema moyoni, watashangaa kule. (Walishangaa kweli.) Nikapita dukani nikanunua pakiti ya chumvi, ile nyeupe inayomwagika kama mchanga mkavu, nikachukua na glasi ya mama ya wageni, tukateremka Ivuna mimi na mama.

Kanisa lilijaa. Mama Mkubwa alikuwa benchi la mbele, peke yake, kwa kitenge kipya na kitambaa cheupe kichwani, mikono ameifunga mapajani. Ile mikono imepasuka kwa maji ya chumvi, ameipaka mafuta mpaka inang'aa. Aliponiona nasimama akatabasamu, akamgeukia mama yangu kama anayesema, unamwona mtoto wetu.

Nikaanza. Nikasoma neno la chumvi badala ya kondoo, mpaka pale chumvi ikipoteza ladha hutupwa nje ikakanyagwa na watu, Mzee Siame akainua kichwa, mimi nikajifanya sijamwona. Nikamimina chumvi kwenye glasi ya maji, nikakoroga, nikaiinua juu. "Mnaona? Haionekani, lakini ukionja ipo," nikasema. Halafu nikatoa lile jambo nililolinakili kwa wino mwekundu: kwamba chumvi ya kweli haipotezi ladha kamwe, wataalamu wamethibitisha, kwa hiyo ile iliyotupwa nje ikakanyagwa na watu haikuwa chumvi tangu mwanzo, ulikuwa mchanga uliojifanya chumvi.

Kanisa likatulia ule utulivu ambao nilipokuwa kibandani nikijizoeza nilidhani ni wa kuguswa. Nikaendelea kidogo, kisha nikaona hawanitazami mimi. Wanalitazama benchi la mbele.

Mama mmoja katikati akamuuliza jirani yake, si kwa kunong'ona, "Ndiye huyu anayesemwa? Kumbe hakuokoka hata zamani?"

Naapa sikuwa nimemfikiria. Kurasa kumi na moja, na hakuna hata mstari mmoja ambamo nilimwona Mama Mkubwa amekaa pale.

Mtu mwenye akili angeomba radhi akae. Lakini mwanamke mwingine nyuma akanyoosha mkono (wachemsha chumvi wa kule hawana haya, wamezoea kubishana na wanunuzi), akasema, "Mwalimu, samahani. Kwa hiyo ya kweli ni hiyo ya pakiti. Na hii yetu je?"

Watu wakacheka. Na mimi siwezi kuacha swali bila jibu sahihi, ni ugonjwa, nikajibu, "Ya kwenu ina chumvi ndani yake, ila imechanganyika na udongo."

"Udongo!" akarudia. "Basi marehemu baba yako alikula udongo mpaka akafa."

Kicheko kikawa kikubwa. Nikaona nimwite Mama Mkubwa mbele aonje ile glasi, watu waone kwamba sisi ni kitu kimoja, sijui niliwaza nini, nilikuwa natoka jasho mpaka daftari likaanza kuchuja rangi kwenye vidole. "Mama Mkubwa, njoo uonje ya kweli," nikasema. Ndivyo nilivyosema. Ya kweli.

Akasimama. Hakuja mbele. Alinitazama, akasema taratibu, "Mwanangu, mimi nilishatupwa nje miaka sita. Leo umekuja na glasi unikanyage?"

Akatoka kwa mlango wa pembeni. Mama yangu akamfuata. Na yule kijana wa kinanda, ambaye aliambiwa nikimaliza tu apige wimbo wa kumpokea, aliona nimenyamaza akadhani nimemaliza, akapiga, na kwaya ikasimama ikaimba karibu nyumbani, karibu nyumbani, beti zote nne, huku inalitazama benchi tupu, na mimi nimesimama pembeni yake nimeshika glasi. Mchungaji akaita jina lake mara mbili. Utaratibu wetu unataka mwenyewe aseme kwa mdomo wake mbele ya watu kwamba amekubali kurudi. Hakuwepo wa kusema. Mchungaji akafunga kitabu.

Kama ingeishia hapo, pengine ingetengenezeka. Mchungaji alimwambia Mzee Siame, "Kijana aende amwombe radhi, mimi nasubiri mpaka saa nane."

Nikamkuta kwenye kazi yake, bado amevaa kitenge kipya. Alikuwa anamimina maji kwenye chungu chenye matundu, juu ya udongo wa chumvi alioukwangua pale chini, na maji ya chumvi yanadondoka kwenye chungu kingine kwa ajili ya kuchemshwa. Nikasema samahani. Akautoa ule udongo uliokwisha kuchujwa, akachukua kidogo, akanipa.

"Onja."

Nikaonja. Haukuwa na kitu. Udongo tu.

"Asubuhi ulikuwa na chumvi," akasema. "Haukujifanya. Maji yamepita, chumvi imetoka. Hicho ndicho kilichopoteza ladha, sisi tunakijua kila siku, hatuhitaji wataalamu." Akaumwaga njiani, karibu na viatu vyangu, na ndipo nikaona kwamba njia yote niliyopita, na kile kilima kidogo nilichosimama juu yake, ni huo udongo. "Tunautupa hapa, watu wanakanyaga. Mvua inapita, jua linawaka, chumvi inapanda tena kutoka chini. Hapo uliposimama mama yetu alitupa. Mimi nimekwangua hapo hapo. Nikilisoma lile neno, nasoma hivyo."

Nilipaswa kulia. Nilipaswa kumshika mikono ile nikamwambia twende, mchungaji anasubiri. Badala yake (na hii ndiyo aibu yenyewe, ile ya glasi ni ndogo), nilifungua daftari. Nikamwambia, kwa heshima zote, "Lakini Mama Mkubwa, Maandiko hayasemi kwamba inarudi."

Akainama akaendelea kumimina maji.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Baki nayo hiyo yako."

Saa nane ikapita. Mchungaji akaondoka kabla giza halijamkuta kwenye mlima.

Amekwisha kurudi mara mbili tangu siku ile, na mara zote Mama Mkubwa hakwenda. Mama yangu ananipikia, lakini hanisemeshi zaidi ya "chakula hicho", na chumvi anayotumia ni ya Ivuna. Madaftari nimeyachoma. Nimekoma kufundisha, na nimejiapiza kwamba sitafungua tena neno mbele ya mtu kabla sijamuuliza yeye, katika hicho kinachosemwa, anaona nini kutoka pale alipokaa. Nimeapa nikiwa nimechelewa.

Mwezi uliopita mama alikwenda kumwona. Miguu imevimba mpaka magotini. Akamsihi arudi, hata kwa kuandikiwa barua ya kumwomba mchungaji. Alikataa, akatuma salamu moja tu kwangu, na mama alinifikishia akiwa amenipa mgongo: "Mwambie nikifa kwaya haitakuja. Aje aniimbie yeye."

Sijui kuimba. Sasa kibandani, wateja wakipungua, najizoeza ule wimbo wa karibu nyumbani, beti zote nne, kwa sauti ya chini. Ubeti wa tatu bado naukosea.