Nafasi Moja ya Tshangalele

Kama uko Likasi na unataka kujua ni chuo gani kinachukua wanafunzi wa tabia za wanyama, au nani anatafuta msaidizi wa kufuata nyani porini, au ni mkutano upi wa wataalamu unaokulipia chakula lakini si tiketi, usijisumbue kuzunguka maofisini. Nenda soko la Kikula, ulizia kibanda cha fotokopi chenye mlango wa bluu. Ndani utamkuta Daniella Kapinga akipigana na mashine iliyomeza cheti cha ubatizo cha mtu. Mpe pole kwanza, kisha uliza. Atakujibu bila kugeuka.

Kutoa nakala ni kazi ya tumbo. Kazi ya moyo wake ni kundi la WhatsApp aliloliita Tabia za Wanyama. Humo wamo wanafunzi na watafiti wachanga wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, na wengine ambao hakuna ajuaye waliingiaje, akiwemo muuza mbuzi mmoja wa Kambove ambaye mpaka leo anaamini hilo ni kundi la soko. Kila Jumatatu asubuhi, umeme ukikubali, Daniella hutuma habari za juma. Huanza na nafasi mpya. Kisha huja sehemu aliyoipa jina Bado Wazi, ambamo hurudia zile za zamani ambazo siku ya mwisho ya kuomba haijafika, maana anawajua watu wake: wanasoma tangazo, wanasema watatuma maombi kesho, na kesho wanaulizana lile tangazo lilikuwa la nini. Mwisho huja habari za jamii, yaani nani kajifungua, nani kafiwa na matanga yako wapi, nani katetea kazi yake ya mwisho wa masomo mbele ya maprofesa bila kulia. Hapo ndipo kundi huchangamka. Tangazo la ufadhili wa masomo linaweza kulala siku nzima bila mtu kulijibu, lakini harusi ya mtafiti wa popo ilipata pongezi hadi simu ya Daniella ikazima.

Tusimcheke. Kwa njia hiyo hiyo Franck alipata kazi ya kusikiliza sokwe huko upande wa Kisangani, na Jessica akaenda Benin kusomea nyuki. Daniella aliwatangaza wote, akawapongeza wote, akarudi kwenye mashine yake. Alikuwa kama mpishi wa msiba: watu wameshashiba, yeye bado anakwangua sufuria.

Na si kwamba elimu ilimpiga chenga. Alisomea wanyama Lubumbashi. Ila wenzake walipokwenda mbugani kufanya utafiti, yeye hakuwa na nauli ya mbugani, basi akaandika juu ya kuku wa mama yake: nani anakula kwanza, nani anamdonoa nani, nani anampisha nani mlangoni. Maprofesa waliisifu kazi ile. Wenzake wakamwita Mama Kuku. Alicheka nao, na ilimuuma. Alitamani, hata mara moja tu maishani, akae chini amwangalie ndege ambaye hakuna mtu anayepanga kumpika.

Ndipo likaja tangazo la Docteur Sylvie, mtafiti wa ndege wa Lubumbashi. Alihitaji mtu mmoja, mmoja tu, akae kando ya ziwa Tshangalele msimu mzima wa mvua, amchunguze yule ndege mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani yanayoelea. Jike wa ndege huyu hutaga akaenda zake; baba ndiye anayeatamia na kulea. Wanawake wa kundi walilipenda tangazo hilo kuliko yote ya mwaka.

Daniella alilituma kama kawaida, hakuficha hata nukta. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: na yeye akaomba. Aliweka barua, kazi yake ya kuku, na vyeti ambavyo kwa mara ya kwanza alivitoa nakala kwa ajili yake mwenyewe. Jioni akamwambia mama yake.

Mama Daniella anauza mawese sokoni, na anasali katika kanisa ambalo mtu hangoji kupata ndipo ashukuru. Wao hushukuru kwanza, kwa imani, na husimulia jambo kana kwamba limekwisha kutimia. Kusema "bado naomba" huonekana kama kumwonyesha Mungu mashaka. Jumapili, wakati wa ushuhuda, mama alisimama na kitambaa chake kipya kichwani.

"Mungu alishafungua mulango!" alisema. "Mutoto yangu Daniella anaenda Tshangalele! Bantu ba bandege balimuita!"

Kanisa zima lilipiga vigelegele. Pasta Lambert akaitikia, "Alishapokea!" Daniella, aliyekuwa kwenye kwaya, aliinamisha kichwa kwa haya lakini hakuwa na wasiwasi. Pale kila mtu anajua kuyapima maneno hayo. Mwaka uliopita ndugu Papy alishukuru kwa gari, na hadi leo anakuja kwa miguu, na hakuna anayemuuliza.

Ila kwenye kwaya yumo pia Jaël, mwanafunzi aliyemo pia katika kundi la Daniella, msichana mwenye roho safi na kidole chepesi. Alikuwa amerekodi ushuhuda ule. Kabla sadaka haijamaliza kuzunguka, sauti ya mama ilikuwa imeshafika kundini, na watu wa Kolwezi na Lubumbashi, ambao hawasali kanisa hilo na hawajui desturi yake, walisikia habari moja tu: Daniella amechukuliwa. Pongezi zikamiminika. Muuza mbuzi naye alipongeza.

Katikati ya pongezi hizo kulikuwa na ujumbe wa Rémy Numbi.

"Félicitations, yaya," aliandika, akimwita dada mkubwa kama kawaida yake. "Minye nilitaka kutuma dossier yangu leo. Lakini kama ni weye njo balikamata ku ile kazi, niko na furaha ya kweli."

Daniella aliusoma nje ya kanisa, jua likimchoma utosini. Rémy ni mwanafunzi wa mtaa wa Panda, hukohuko Likasi, mtoto wa mchimbaji wa mawe, na kambo wake, bibi mzaa mama, anaishi kijiji cha wavuvi hukohuko Tshangalele. Ndege wale ameishi nao tangu utoto. Kama kulikuwa na mtu mmoja ambaye Daniella alimwogopa katika nafasi ile, alikuwa Rémy. Na sasa Rémy alikuwa ameondoka njiani mwenyewe, tena kwa tabasamu. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Jumatano. Daniella hakutakiwa kudanganya wala kumfitini mtu. Alitakiwa kunyamaza tu.

Akanyamaza. Nisimpambe: alinyamaza Jumapili nzima, na alikula vizuri.

Jumatatu asubuhi alikaa kibandani kuandaa habari za juma. Nafasi mpya ziliandikika bila shida. Alipofika Bado Wazi, aliweka kazi ya kufuata tembo, akaweka mashindano ya picha za vipepeo, kisha akaruka moja kwa moja hadi kwenye habari za jamii, haraka haraka, kama mtu anayepita mlangoni kwa anayemdai. Alikuwa anakaribia kutuma. Simu ikalia kidogo. Muuza mbuzi wa Kambove alikuwa amemwandikia pembeni.

"Mademoiselle, samahani. Ile kazi ya ku ziwa ilishaisha kabisa? Ndogo yangu anaulizaka."

Daniella aliyaangalia maneno hayo kwa muda mrefu. Kunyamaza kulikuwa rahisi mradi hakuna aliyeuliza. Sasa mtu ameuliza, na jibu la kweli lilikuwa neno moja ambalo yeye mwenyewe ndiye hulitangaza kila Jumatatu. Alihisi hasira, si kwa muuza mbuzi, kwa nafsi yake, na kidogo kwa muuza mbuzi pia. Akamjibu: "Bado." Kisha akarudi kwenye habari za juma, akaandika kwamba nafasi ya Tshangalele bado iko wazi hadi Jumatano, kwamba yeye ameomba lakini hajajibiwa, na kwamba mama yake alishukuru kwa imani. Akatuma kabla moyo haujabadilika.

Kundi likaangua kicheko, maana kila mmoja ana mama. Simu ya Rémy ikafuata.

"Yaya, uko na hakika? Niko na film nilikamata ku kwa kambo. Lakini sipende kukuzibia njia."

"Tuma, Rémy."

"Vraiment?"

"Nimesema tuma."

Akakata simu, akaomba mtandao uzime Panda nzima mpaka Alhamisi. Haukuzima. Jumanne Rémy alimtumia na yeye ile filamu. Alimwona baba ndege akiinama juu ya jani, vifaranga wakijipenyeza chini ya mbawa zake, kisha baba huyo akasimama akaondoka nao kwapani, vimiguu vyao vikining'inia nje kama majani makavu. Daniella alisahau wivu. Aliitazama tena na tena, na mteja wake akasubiri. Ndege huyo ndiye aliyekuwa akimtaka, na aliyekuwa amekaa karibu naye kiasi hicho hakuwa yeye.

Nyumbani, mambo yalikuwa yamepamba moto. Habari za kundi zilikuwa zimefika sokoni Jumatatu ileile, kabla ya chakula cha mchana.

"Unanifanya mubongo, mutu wa uongo, mbele ya kanisa?" mama alimuuliza.

"Mama, haukusema bongo. Ulisema kwa imani."

"Na weye, imani yako iko wapi?"

Juma lile waliishi kwa kuongea na vyombo: sufuria iliwekwa kwa kishindo, sahani ikasukumwa mezani, na hakuna aliyemtaja mwenzake. Ilimuumiza Daniella kuliko alivyotaka kukiri. Jumapili iliyofuata mama alikwenda kanisani na kitambaa cha zamani.

Jibu lilikuja kwa simu, akiwa anachapa kadi za harusi.

"Kazi yako ya kuku iko ya muzuri sana, Daniella," alisema Docteur Sylvie. "Mais Rémy anajua ile ziwa. Tunakamata Rémy."

"Ndiyo, Docteur."

"Anaandika kama ni weye njo ulimuambia nafasi iko wazi."

"Ndiyo, Docteur."

Alimaliza kadi za watu, akafunga kibanda mapema, akaenda nyumbani kwa miguu. Mama alikuwa uani akimimina mawese kwenye chupa, kuku wakimzunguka. Daniella alikaa kwenye kigoda akamweleza yote, bila kulalamika. Mama hakuinua kichwa mpaka chupa ikajaa.

"Kama ungenyamaza, weye njo ungeenda?"

"Labda."

"Labda ya nini? Jibu."

"Ndiyo, mama. Ningeenda."

Mama alifunga chupa. "Na minye ningekuwa nilisema kweli."

Walitazamana. Mama ndiye aliyeanza kucheka, halafu Daniella, mpaka kuku wakatawanyika. Kisha kicheko cha Daniella kikageuka kilio, kilio hasa, cha mtu aliyekosa kitu alichokitaka kwa miaka. Mama alimvuta kichwa, akakiweka mapajani, mikono yenye mafuta na yote, wala hakumwambia anyamaze.

Sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta. Alikuwa Mama Hénoc, jirani ambaye hapitwi na jambo.

"Mama Daniella! Mutoto anaenda lini ku ziwa?"

Daniella aliinua kichwa. Mama angeweza kusema safari imesogezwa mbele, au kwamba Mungu bado anapanga, na Mama Hénoc angeitikia amina, yangekwisha. Mama aliinuka, akapangusa mikono kwenye kitenge, akasogea ukutani. Akatoa ile sauti yake ya kanisani, ambayo nyumba zote za mtaa huo huisikia.

"Haende! Nafasi ilikuwa moja tu. Aliambia mwenzake kama mulango iko wazi, mwenzake akaingia. Uyu njo mutoto nilizaa!"