Kilomita Tatu za Kwenye Ramani

Tulimwita Bi Ushahidi, na hakulipenda jina hilo. Miaka kumi na tisa alikaa meza iliyo mbele ya yangu katika kitengo cha takwimu cha mkoa, na ukimpelekea namba yoyote alikuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Hata ukisema umechelewa kwa sababu ya mvua, alichungulia dirishani kwanza.

Mwaka huu wakubwa walitaka mpango mkakati mpya, wenye malengo yanayopimika. La afya likawa hili: katika miaka mitano, asilimia tisini ya wananchi waishi ndani ya kilomita tano kutoka kituo cha afya. Mkurugenzi wa mipango akatandaza ramani, akaweka rula, akachora mistari. Nusu saa haikuisha, tukaambiwa tayari tuko asilimia tisini na moja. Ukumbi ukapiga makofi. Lengo limefikiwa kabla ya kuanza! Yaani hakuna kituo hata kimoja cha kujenga, na watu wazima wanashangilia.

Bi Ushahidi hakupiga makofi. Mdogo wake ameolewa ng'ambo ya mto. Kwa rula, zahanati iko kilomita tatu. Ila daraja hakuna. Lazima uzunguke hadi kivuko cha juu, kilomita kumi na saba kwa miguu. Mwaka juzi mdogo wake alishikwa na uchungu, wakambeba kwa machela, mtoto akafia njiani. Sasa alikuwa na mimba nyingine, ya miezi mitano.

"Tupime kwa saa za kutembea," Bi Ushahidi akasema. "Mtu hatembei juu ya rula."

"Mama, saa hazipimiki," mkurugenzi akajibu huku akicheka. "Huyu anakimbia, yule anajikokota."

"Mdogo wangu alizipima. Saa tano na robo. Mpigie umuulize."

Mkurugenzi akafunika kalamu yake, akasema twende kwenye lengo la barabara.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na bwana yule ana hospitali nyuma ya nyumba yake na gari la serikali la kumfikisha. Nilikasirika, nikakunja ngumi chini ya meza. Na huko huko chini ya meza ndiko hasira yangu ilikobaki.

Jedwali la zile asilimia lilihitaji saini ya afisa takwimu mmoja. Bi Ushahidi alilirudisha mara tatu bila kusaini, ameambatanisha kurasa za daftari lake: Jumamosi moja alizitembea mwenyewe zile kilomita kumi na saba, akiandika dakika. Mara ya nne akapewa barua ya kuhamia stoo. Nikamsaidia kubeba kiti.

"Dada, ungefunika tu kombe mwanaharamu apite," nikamwambia.

Akanitazama kama namba isiyo na ushahidi.

Mpango umechapishwa kwa karatasi za kung'aa, na jaladani mama anacheka na mtoto mgongoni. Jana Bi Ushahidi alipita kugawa nakala, maana stoo ndiyo inayogawa. Yangu aliiweka mezani ikiwa wazi ukurasa wa arobaini na mbili, penye zile asilimia tisini na moja, akaweka kidole juu ya saini iliyo chini ya jedwali. Saini yangu.

"Mdogo wangu anajifungua mwezi ujao," akasema. "Utakuja kushika upande mmoja wa machela?"